Jimbo likisema "madai hayajathibitika", uliza tarehe

SWALI: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya walei katika parokia yetu. Paroko wetu aliondolewa ghafla katikati ya wiki. Dominika iliyofuata ikasomwa barua fupi ya askofu: kuna mtu mzima anayedai alinyanyaswa kingono na padri huyo alipokuwa na miaka 12, na kwamba "madai hayo hayajathibitika". Huu ni mwezi wa nne, hatujasikia neno jingine. Parokia imegawanyika. Wengine wanasema jimbo linafanya funika kombe mwanaharamu apite. Wengine wanasema padri asiye na hatia ametolewa kafara ili askofu aonekane mkali. Nitajuaje kama jimbo limefanya inavyopaswa? Na sisi walei tuna haki ya kuuliza, au tunyamaze tusali?

JIBU: Dada yangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale mlipokwama ninyi: "hayajathibitika". Anayempenda padri analisikia neno hilo kama "ameonekana hana hatia". Anayemhurumia mlalamikaji analisikia kama "hatumwamini mtu huyu". Na aliyeliandika, mara nyingi katibu anayekimbizana na Dominika, huenda hakukusudia lolote kati ya hayo mawili.

Neno hilo linaweza kukalia hali nne zisizofanana hata kidogo. Huenda hakuna aliyeanza kuchunguza. Huenda uchunguzi wa awali unaendelea. Huenda faili limeshafika Roma na linasubiri maelekezo. Na huenda shauri limeshasikilizwa likaisha, ushahidi ukakosa uzito. Hali ya kwanza ni kosa la jimbo. Ya pili na ya tatu ni mwendo wa kawaida. Ya nne ni hukumu. Zote zinaandikwa vilevile, kisha waamini wanaambiwa waridhike.

Kwa hiyo ninakushauri hivi. Kwa sasa usimuulize askofu kama ni kweli, maana huenda hata yeye hajui. Muulize lini. Habari ilipokelewa lini na nani? Padri aliondolewa kwenye huduma lini? Polisi au ofisi ya serikali ya ulinzi wa watoto iliarifiwa lini? Aliteuliwa lini mtu wa kuchunguza? Faili lilikwenda Roma lini? Tarehe haimhukumu padri wala haimfedhehi mlalamikaji, lakini inaonyesha jimbo lilifanya nini na lilichelewa wapi. Ugomvi mwingi ambao nimeuona katika kazi hii ya sheria za Kanisa haukuwa juu ya padri. Ulikuwa juu ya ofisi: ilijua nini, ikajua lini, ikafanya nini wiki ile ile.

Nikueleze mwendo wenyewe ili majibu utakayopata uweze kuyapima.

Habari ikimfikia askofu, swali lake la kwanza kisheria ni dogo sana: je, inaonekana angalau inaweza kuwa kweli? Padri alikuwepo mahali hapo miaka hiyo? Mtoto huyo alikuwepo? Kama jibu ni ndiyo, kanuni ya 1717 ya Sheria za Kanisa inamtaka afungue uchunguzi wa awali, ateue mchunguzi, na mambo yawekwe kwenye maandishi. Uchunguzi huu si kesi. Hautafuti hatia, unatafuta tu kama kuna msingi wa kuendelea. Hata barua isiyo na jina haitupwi hivi hivi kwenye kapu, kwa mujibu wa mwongozo ambao Roma iliwapelekea maaskofu Julai 2020. Tangu mwaka 2001 matokeo ya uchunguzi huo hayaishii kwenye dawati la askofu. Lazima yapelekwe kwa Baraza la Mafundisho ya Imani huko Vatikano, nalo ndilo linaloamua kama padri atashtakiwa kwenye mahakama ya Kanisa, au askofu atafuata njia ya amri ya kiutawala, yaani uamuzi bila kesi kamili, au suala lifungwe.

Kumwondoa padri parokiani wakati haya yanaendelea ni hatua ya tahadhari. Si adhabu. Wale wanaosema "ameshahukumiwa, mbona ameondolewa?" wanakosea, na wale wanaosema "angekuwa hana kosa asingeondolewa" wanakosea kosa lile lile kutokea upande wa pili. Kanuni ya 1722 inamruhusu askofu kumweka padri kando kwa ajili ya usalama wa watu na uhuru wa mashahidi, na hatua hiyo inapaswa kukoma sababu yake ikikoma. Jambo ambalo mwongozo wa 2020 unalikataa waziwazi ni lile lililozoeleka zamani, la kumhamishia padri mahali pengine ukadhani umelimaliza.

Usishangae pia kwamba mlalamikaji amesema akiwa mtu mzima. Watu wanalirudia sana hili kama ushahidi wa uongo, na linaniuma kila ninapolisikia. Utafiti wa chuo cha John Jay, uliofanywa kwa ombi la maaskofu wa Marekani na kutolewa mwaka 2004, ulihesabu walalamikaji 10,667 na makleri, yaani mapadri na mashemasi, 4,392 waliotajwa kwa miaka ya 1950 hadi 2002. Theluthi nzima ya madai hayo iliripotiwa mwaka 2002 na 2003 tu, baada ya magazeti kuandika. Watu walikuwa wamekaa na jambo hilo miaka ishirini, thelathini, arobaini. Hata sheria ya Kanisa inalitambua hilo: ukomo wa muda wa kushtaki ni miaka 20 tangu mwathirika atimize miaka 18, na Roma inaweza kuuondoa hata huo.

Sasa nikueleze kwa nini ninang'ang'ania tarehe.

Nilikaa miaka kadhaa kwenye kamati ya jimbo moja, sitalitaja, iliyokuwa ikimshauri askofu kuhusu madai ya namna hii. Siku moja tuliletewa faili la padri aliyekuwa ameshafariki. Mlalamikaji alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, fundi, mikono yake ina makovu madogo madogo. Ndani ya faili tulikuta karatasi ya daftari la hesabu, ya miraba, iliyochanwa kwa uangalifu kufuata mshono. Ilikuwa imeshikizwa kwa pini iliyoota kutu hadi ikaacha doa la kahawia. Ilikuwa barua ya mama yake kwa askofu wa wakati huo, mistari kumi na moja, na herufi zimekandamizwa hadi zinahisika upande wa nyuma. Alikuwa akiomba padri yule asije tena nyumbani kwake. Juu kwenye kona palikuwa na muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe. Karatasi iliyofuata ilikuwa ya miezi kumi na tisa baadaye, barua ya uhamisho inayomshukuru padri kwa utumishi wake mwema. Kati ya karatasi hizo mbili hapakuwa na kitu.

Tulimwonyesha. Mama yake alikuwa amefariki bila kumwambia kwamba aliwahi kuandika, na mwanawe miaka yote aliamini mama hakumsadiki. Hakutuuliza neno kuhusu padri. Aliweka kidole juu ya muhuri, akasoma tarehe kwa sauti, akairudia. Kisha akasema: "Nilikuwa darasa la sita. Alikuja mara ngapi tena baada ya siku hii?"

Hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu. Tangu siku hiyo, nikipewa faili, ninaanza na mihuri kabla ya maelezo.

Na faili lile si la ajabu. Angalia lililotikisa dunia nzima, la Boston, Marekani. Mwaka 1982 mama mmoja aliandika kwa jimbo kuu akieleza kwamba padri John Geoghan amewanyanyasa watoto saba wa kiume wa ukoo wake. Mwaka 1984 Geoghan akapewa parokia mpya. Desemba ya mwaka huo huo askofu msaidizi, John D'Arcy, akamwandikia askofu mkuu Bernard Law kumtahadharisha kuhusu uteuzi huo. Geoghan alikuja kuvuliwa ukleri mwaka 1998. Hesabu mwenyewe, miaka kumi na sita tangu barua ile ya mama. Gazeti la Boston Globe lilipochapisha habari hizo Januari 2002, kilichowakasirisha waamini si kwamba kulikuwa na padri mhalifu. Wahalifu wapo kila mahali. Walikasirishwa na barua, kwamba ofisi ilikuwa imeandikiwa. Desemba mwaka huo Kardinali Law alijiuzulu uongozi wa jimbo kuu.

Dublin, Ireland, tarehe zilisema jambo baya zaidi. Tume ya serikali iliyotoa ripoti Novemba 2009 ilikuta kwamba mwaka 1987 jimbo kuu lilikata bima ya kujikinga na gharama za madai ya unyanyasaji. Wakati huo viongozi wake walikuwa tayari na habari za malalamiko dhidi ya mapadri wasiopungua 17. Mtu hakati bima ya jambo asilolijua. Baadhi ya maaskofu walikuwa wamesema kwamba walikuwa wanajifunza tu, hawakuelewa uzito wa mambo. Tume ilikataa utetezi huo, na mwaka huo wa bima ni sababu mojawapo.

Na Köln, Ujerumani, ugomvi ulianzia kwenye ripoti yenyewe. Kardinali Rainer Maria Woelki aliagiza uchunguzi kwa mawakili, kisha mwaka 2020 akakataa kuuchapisha akisema una kasoro za kisheria. Akaagiza mwingine kwa mawakili tofauti. Huo wa pili, wa Machi 2021, ulihesabu watuhumiwa 202 na waathirika 314, na ukataja kwa majina viongozi waliovunja wajibu wao. Kitu kimoja kutoka humo hakinitoki kichwani. Marehemu Kardinali Joachim Meisner alikuwa na jalada lake mwenyewe la kesi hizi, lililofichwa, na juu yake aliandika "Ndugu katika ukungu". Ndugu ni akina nani? Ni mapadri. Watoto hawakupata hata neno moja kwenye jina la jalada. Ninaamini aliandika kwa huruma ya kweli, na hapo ndipo ninapoona ugonjwa wote: huruma ya mwenye ofisi inamwendea kwanza anayemjua kwa jina, aliyempa daraja kwa mikono yake, aliyekula naye meza moja. Mtoto anabaki kuwa habari iliyoletwa na mtu.

Sheria zilibadilishwa kwa sababu ya mambo haya, na unapaswa kuzijua kwa sababu zinakupa nguvu ya kuuliza. Mei 2019 Papa Fransisko alitoa barua binafsi, Vos estis lux mundi, yaani "Ninyi ni nuru ya ulimwengu", akaithibitisha kuwa ya kudumu Machi 2023. Inamtaka kila padri na mtawa anayepata habari ya unyanyasaji aripoti bila kuchelewa. Inalitaka kila jimbo liwe na ofisi au utaratibu wa kupokea taarifa, unaofikika na watu wote. Inakataza kumfunga mdomo anayeripoti. Hakuna ruhusa ya kumwambia mlalamikaji "usimwambie mtu". Desemba 2019 akaondoa siri ya kipapa kwenye kesi hizi. Basi ukiambiwa ofisini "hilo ni siri ya Vatikano", jua kwamba kisingizio hicho kimeshazikwa. Wajibu wa kumlinda mlalamikaji na sifa ya mtuhumiwa upo bado, lakini wajibu huo hauzuii kutaja tarehe.

Watu huchanganya hili na siri ya kitubio. Siri ya kitubio ni kile mwenye kutubu alichomwambia padri ndani ya sakramenti, basi. Haifuniki barua, simu, vikao, wala mazungumzo ya sakristia. Majimbo yaliyoficha mambo yalificha yaliyokuwa kwenye makabati yao.

Kuhusu polisi sitaki kuacha shaka. Sheria ya Kanisa haichukui nafasi ya sheria ya nchi. Vos estis inasema hivyo, na mwongozo wa 2020 unaongeza kwamba hata pale ambapo sheria ya nchi hailazimishi kuripoti, viongozi wa Kanisa wanapaswa kwenda kwa serikali wakiona inahitajika kumlinda mwathirika au watoto wengine. Na serikali ikiwa inachunguza, mara nyingi jimbo husimamisha hatua zake ili lisiharibu ushahidi. Huenda hiyo ndiyo sababu ya kimya chenu cha miezi minne. Miezi minne ndani ya uchunguzi unaoendelea si ajabu. Miezi minne bila hata mchunguzi kuteuliwa ni ajabu, na tena ni uvunjaji wa wajibu. Mtazijua hali hizi mbili mkizitenganisha kwa tarehe, kwa njia nyingine ni vigumu.

Sasa niseme na wale wa upande wa pili wa parokia yenu, maana nao hawazungumzi upuuzi. Padri anaweza kusingiziwa. Novemba 1993 Kardinali Joseph Bernardin wa Chicago alituhumiwa hadharani. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ameunda bodi ya kupitia madai kama hayo, na alitaka tuhuma dhidi yake zipite kwenye utaratibu ule ule waliopitishwa mapadri wake. Februari 1994 aliyemtuhumu akafuta madai, akisema kumbukumbu zake, zilizoibuka kwa hipnosia, yaani kutiwa usingizi nusu na mtaalamu ili akumbuke mambo, hazitegemeki. Ninakipenda kisa hiki kwa sababu utaratibu haukumwogopa kardinali, na kardinali hakuuogopa. Ninaouogopa mimi ni ule msemo wa "lisemwalo lipo, kama halipo laja". Nimeusikia ukitumika kumhukumu mtu ambaye hata hajaambiwa anatuhumiwa nini. Nimemwona padri aliyekaa zaidi ya mwaka kwenye chumba cha nyumba ya mafungo, begi halijafunguliwa, akisubiri simu. Kumbe faili lake lilikuwa limesahaulika chini ya mengine. Uzembe ule ule unaomwacha mtoto hatarini ndio unaomwozesha padri chumbani. Kwa hiyo wanaomtetea paroko wenu wana sababu ile ile ya kudai tarehe kama wanaomtetea mlalamikaji. Waambie hivyo kwenye kikao, huenda ikawa mara ya kwanza kwao kusaini barua moja.

Kisa cha Kardinali George Pell wa Australia kinaonyesha vizuri kwamba maswali ni mawili. Alitiwa hatiani Desemba 2018, akafungwa, na tarehe 7 Aprili 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, majaji wote saba kwa sauti moja, ikafuta hatia hiyo. Alikuwa amekaa gerezani zaidi ya siku 400. Mwezi mmoja baadaye zikachapishwa kurasa za Tume ya Kifalme, tume ya serikali iliyochunguza jinsi taasisi zilivyoshughulikia unyanyasaji wa watoto, zilizokuwa zimefichwa kusubiri kesi iishe. Tume iliona kwamba tangu miaka ya 1970 Pell alikuwa akijua kuhusu unyanyasaji wa watoto uliofanywa na makleri, na kwamba hakuchukua hatua za kutosha. Mwenyewe alisema maoni hayo hayana ushahidi. Usichague upande hapa. Angalia tu kwamba swali la "je, alitenda?" lilipata jibu lake mahakamani, na swali la "je, alijua na akafanya nini?" likabaki limesimama peke yake. Parokia yenu inagombana kwa sababu mnajibu swali moja kwa jibu la lingine.

Kuna jambo la orodha, ambalo bila shaka litafika kwenu. Baadhi ya majimbo huchapisha majina ya mapadri ambao madai dhidi yao yameonekana kuwa na msingi. Mwanasheria Mkuu wa Illinois, Marekani, alipotoa ripoti yake Mei 2023, alitaja makleri na mabradha 451 na watoto 1,997. Majimbo sita ya huko, kabla uchunguzi wake haujaanza, yalikuwa yametangaza majina 103. Pengo hilo halitokani na uongo peke yake. Mengine yalitokana na jimbo kutowahesabu watawa wa mashirika, au kukataa dai la mtu mmoja lisilo na la pili, au kutochunguza kabisa kama mtuhumiwa ameshafariki. Lakini kila kigezo kati ya hivyo kilikuwa kinapunguza, hakuna kilichokuwa kinaongeza. Upande mwingine, wanasheria wa Kanisa, na mimi nikiwemo, tuna shaka halali kuhusu kuchapisha jina la mtu aliyefariki bila kusikilizwa. Maoni yangu ni kwamba orodha bila vigezo vilivyoandikwa juu yake haimsaidii yeyote. Jimbo likichapisha, liseme limetumia kipimo gani, na lini dai la kwanza lilipokelewa. Safu ya tarehe ndiyo mara nyingi haipo.

Fedha nitazipitia haraka. Utasikia watu wakisema walalamikaji wanafuata pesa. Jimbo Kuu la Los Angeles lilikubali mwaka 2024 kulipa dola milioni 880 kwa walalamikaji 1,353, na Jimbo Kuu la Baltimore liliomba ulinzi wa kufilisika tarehe 29 Septemba 2023, siku mbili kabla ya sheria mpya iliyofungua milango ya kesi za zamani kuanza kutumika. Jimbo linasema kufilisika kunagawa fungu kwa haki kwa wote. Walalamikaji wengi wanasema kunazuia nyaraka zisifunguliwe mahakamani. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Ninachoweza kukuambia ni kwamba watu niliokaa nao mezani, kabla ya kutaja pesa, waliuliza nani alijua.

Haki yenu ya kuuliza ipo kwenye kanuni ya 212, kifungu cha tatu: waamini wana haki, na pengine hata wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao mawazo yao juu ya mambo yanayohusu faida ya Kanisa. Kwa hiyo salini, na muulize. Andikeni kama halmashauri, kwa heshima, ukurasa mmoja. Msiulize jina la mlalamikaji wala alitendwa nini, hilo si lenu kulijua. Mkitaka kumwandikia askofu kwamba mnampenda paroko wenu, iandikeni kwenye barua nyingine, na msikusanye saini mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Huenda aliyeumizwa amekaa benchi la tatu, na huenda yupo mwingine ambaye hajasema, anatazama nani anasaini. Kama kuna mmoja wenu mwenye habari yoyote ya kweli kuhusu padri huyo na watoto, aende kwanza kwa vyombo vya dola, kisha kwenye ofisi ya jimbo ya ulinzi wa watoto, na asiilete kwenye kikao chenu.

Kwenye barua ongezeni swali moja ambalo majimbo hayalipendi: je, kuna lalamiko lolote la nyuma kuhusu padri huyu, na lilipokelewa mwaka gani? Kama jibu ni kwamba halipo, mtakuwa mmelisaidia jimbo kulisema kwa maandishi. Kama lipo, mtajua kwamba ugomvi wenu umevuka paroko, umefika ofisini.

Msipojibiwa kwa mwezi mmoja, kumbusheni. Mkiona askofu mwenyewe ndiye aliyezembea, Vos estis inahesabu hilo kuwa jambo la kuripotiwa: kuzuia au kukwepa uchunguzi ni kosa, hata likifanywa na askofu. Taarifa hiyo huenda kwa askofu mkuu wa kanda ya kikanisa, au kwa balozi wa Papa, au Roma moja kwa moja. Si njia ya mapambo. Machi 2021 ubalozi wa Papa nchini Poland ulitangaza hatua dhidi ya maaskofu wawili wastaafu, Sławoj Leszek Głódź wa Gdańsk na Edward Janiak wa Kalisz, kwa uzembe katika kesi hizi. Walikatazwa kushiriki ibada za hadharani katika majimbo yao ya zamani, wakaamriwa kuishi nje yake, na kutoa fedha zao wenyewe kusaidia waathirika.

Barua yenu ipelekeni kwa mkono. Mwombeni anayeipokea agonge muhuri wa tarehe kwenye nakala mbili mbele yenu, moja ibaki kwake. Ya pili isiwekwe kwenye kabati la parokia. Kaa nayo wewe nyumbani, na watoto wako wajue ilipo.